Kulipia Kila Mbofyo: Namna ya Kutangaza Biashara Mtandaoni Bila Kumwaga Fedha

Mtu anayeandika "fundi wa mashine ya kufulia" kwenye Google saa tatu usiku hapotezi muda. Nguo zimelowa ndani ya mashine, maji hayatoki, na anatafuta wa kumpigia simu. Tangazo lako likitokea mbele yake dakika hiyo, umemkuta na shida yake mkononi. Bango la barabarani haliwezi hilo, wala redio. Isitoshe, hulipi kwa kuonekana. Unalipa pale anapobofya.

Lakini mibofyo hiyo huuzwa kwa mnada, na mnada huo unauza kila aina ya mbofyo. Utauziwa wa mwenye shida, na utauziwa pia wa anayetafuta ajira ya ufundi, wa anayetaka kujitengenezea mwenyewe, na wa aliyegusa skrini kwa bahati mbaya. Yote utailipia. Nimepitia akaunti za wafanyabiashara waliokata tamaa na matangazo haya, na mara nyingi tangazo lenyewe halikuwa baya. Walikuwa wananunua kila walicholetewa. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinahusu kukataa: maneno ya kukataa, maeneo ya kukataa, mipangilio ya kuzima.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: fundi wa mashine za kufulia anayefuata wateja nyumbani. Weka biashara yako mahali pake.

Kwanza, elewa mnada

Mwaka 1998 kampuni ya GoTo.com, iliyoanzishwa na Bill Gross huko California, ilianza kuuza kwa mnada nafasi za juu kwenye matokeo ya utafutaji. Mwenye dau kubwa alikaa juu, akalipa kila alipobofywa. Google ilizindua mfumo wake wa matangazo, AdWords, Oktoba 2000, na mwaka 2002 ikaleta mnada wake wa mbofyo ukiwa na nyongeza moja: dau lilipimwa pamoja na jinsi watu wanavyolibofya tangazo lenyewe. Mfumo huo tangu 2018 unaitwa Google Ads, na nyongeza ile ndiyo inayompa nafasi mwenye mfuko mdogo.

Tuseme dau lako ni 60 na ubora wa tangazo lako ni 8. Mshindani ana dau la 90, ubora 4. Zidisha: wewe una 480, yeye ana 360. Unakaa juu yake. Na hulipi 60 yote. Unalipa kiasi cha kutosha tu kumshinda, yaani kama 45, kwa sababu 45 mara 8 ni 360. Hesabu halisi ya Google ina vipengele zaidi ya hivi viwili, lakini mwelekeo wake ni huu.

Ndani ya akaunti utaona alama ya ubora kuanzia 1 hadi 10 kwa kila neno la utafutaji unalolilenga. Inatokana na mambo matatu: uwezekano wa tangazo kubofywa, uhusiano wake na kilichotafutwa, na hali ya ukurasa anaofikia mteja. Itumie kama kipimajoto. Mnada wenyewe hupima upya kila mara mtu anapotafuta.

Hatua ya 1: Jua mbofyo mmoja una thamani gani kwako

Fanya hesabu hii kabla hujafungua akaunti. Chukua faida inayobaki kwa kazi moja baada ya vipuri, usafiri na muda wako. Iwe 3,000 kwa fedha yoyote unayotumia. Kisha kadiria: watu 100 wakifika kwenye ukurasa wako, wangapi watakuwa wateja wa kweli? Labda 10 watapiga simu, na 4 kati yao watakupa kazi.

Wateja 4 mara 3,000 ni 12,000. Gawanya kwa mibofyo 100, unapata 120. Hapo hupati wala hupotezi. Ukitaka nusu ya faida ibaki kwako, mbofyo usizidi 60. Namba hiyo iandike pembeni, kwa sababu kila hatua inayofuata itarudi kwake.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalioni. Ukiboresha ukurasa na namna ya kupokea simu, ukapata wateja 8 kati ya 100 badala ya 4, kikomo kinapanda kutoka 120 hadi 240. Unaweza kutoa dau maradufu ya mshindani na bado ukabaki na faida ileile. Ushindi katika mnada huu huamuliwa nje ya mnada.

Ikiwa wateja wako hurudi, una haki ya kuhesabu faida ya mwaka mzima badala ya kazi moja. Lakini hesabu ile uliyoiona kwenye daftari lako, si ile unayoitarajia.

Hatua ya 2: Weka kipimo kabla ya kulipa mbofyo wa kwanza

Mbofyo si mteja. Mfumo lazima uambiwe ni tendo gani lina maana: fomu iliyotumwa, simu iliyopigwa, malipo yaliyokamilika. Google Ads inakupa msimbo mfupi wa kupachika kwenye tovuti. Njia rahisi ni kumpeleka aliyetuma fomu kwenye ukurasa wa "Asante, tumepokea", kisha kuhesabu kila anayefika hapo. Simu nazo hupimika: zile zinazopigwa moja kwa moja kutoka kwenye tangazo, na zile zinazobofywa kwenye ukurasa.

Kuna mpangilio mmoja mdogo wenye madhara makubwa. Utaulizwa uhesabu kila tendo au tendo moja kwa kila mbofyo. Kwa duka la mtandaoni, hesabu kila tendo, maana manunuzi matatu ni mauzo matatu. Kwa fundi wetu, hesabu moja. Mtu akituma fomu ileile mara tatu kwa wasiwasi bado ni mteja mmoja.

Usihesabu kutembelea ukurasa wa mawasiliano kama mafanikio. Ripoti itapendeza na simu itabaki kimya.

Jaribu mwenyewe: jaza fomu, piga simu, thibitisha kwamba vimeandikwa kwenye ripoti. Ikiwa una wageni kutoka nchi za Umoja wa Ulaya, unahitaji ridhaa yao kabla ya kuweka kuki za matangazo (faili ndogo za kumtambua mgeni) kwenye kivinjari chao, kwa hiyo shughulikia hilo mapema.

Hatua ya 3: Fungua akaunti, kisha zima vilivyowashwa kwa niaba yako

Unapofungua akaunti, Google itapenda kukuongoza moja kwa moja kwenye kampeni rahisi inayojiendesha. Ikiwa kuna njia ya kufungua akaunti bila kuunda kampeni papo hapo, ifuate. Kisha unda kampeni ya utafutaji kwa mkono wako.

Kagua mambo manne. Kampeni ya utafutaji huja ikiwa imejumuishwa mtandao wa tovuti na programu nyingine zinazoonyesha matangazo. Ondoa alama hiyo. Kule watu wanasoma habari, hawatafuti fundi. Ondoa pia tovuti washirika wa utafutaji kwa mwezi wa kwanza, ili takwimu zako zitoke mahali pamoja.

La tatu ni eneo, na hapa ndipo fedha nyingi huvuja kimyakimya. Mpangilio unaokuja wenyewe hulenga watu walioko eneo lako pamoja na wale "wanaovutiwa" nalo. Mtu aliye nchi nyingine anayesoma kuhusu mji wako anaweza kuingia humo. Kwa biashara inayomfuata mteja nyumbani, chagua walioko eneo hilo tu.

La nne ni mapendekezo yanayotekelezwa yenyewe. Yazime. Kila pendekezo lisome na uliamue wewe. Utaonyeshwa pia asilimia ya jinsi akaunti "ilivyoboreshwa". Asilimia hiyo inapima ulivyofuata mapendekezo, haipimi faida yako.

Hatua ya 4: Chagua maneno, na hasa maneno ya kuzuia

Hii ndiyo hatua ninayoomba uitumie muda mrefu kuliko zote.

Anza kwa kuandika, bila kompyuta, jinsi mteja anavyoieleza shida yake. Si jinsi wewe fundi unavyoieleza. Wewe unasema "pampu ya kutolea maji imekufa". Yeye anaandika "mashine ya kufua haitoi maji". Mwingine ataandika "mashine ya kufulia", mwingine "mashine ya kufua nguo", na wengine watachanganya lugha mbili katika sentensi moja. Kumbuka simu za wateja kumi wa mwisho: walianzaje kujieleza? Sentensi hizo ni mali.

Panga ulichopata kwa ukaribu wa mtu na uamuzi. "Fundi wa mashine ya kufulia karibu nami" yuko tayari. "Bei ya kutengeneza mashine ya kufulia" bado analinganisha. "Kwa nini mashine ya kufua inatetemeka" huenda anataka maelezo tu. Anza na kundi la kwanza peke yake. Ni dogo na mbofyo wake ni ghali zaidi, lakini ndilo linalolipa.

Kisha kuna namna tatu za kuuambia mfumo ulifuate neno kwa ukali gani. Ukiliandika bila alama yoyote, ni ulinganifu mpana: Google itakuonyesha kwa chochote inachoona kinahusiana, hata kama maneno yako hayamo. Ukiliweka ndani ya alama za kunukuu, ni ulinganifu wa kirai: utafutaji lazima ubebe maana ya kirai chako. Ukiliweka ndani ya mabano ya mraba, ni ulinganifu kamili, ingawa hata huu siku hizi hukubali maneno tofauti yenye maana ileile. Mwenye bajeti ndogo aanze na hizi mbili za mwisho. Ulinganifu mpana una faida yake baadaye, mfumo ukishajua mteja wako ni nani, lakini siku ya kwanza haujui.

Halafu orodha ya maneno ya kuzuia. Kwa fundi wetu, kabla tangazo halijaonekana hata mara moja, ningeweka: ajira, nafasi, mafunzo, kozi, chuo, bure, video, mwenyewe, mtumba, inauzwa, picha, mwongozo. Kila moja linafunga mlango kwa mtu ambaye hawezi kuwa mteja.

Fahamu kwamba maneno ya kuzuia hayafuati maana. Ukizuia "bure" hujazuia "bila malipo". Ukizuia "kozi" hujazuia "masomo". Lazima uandike yote. Na kuwa mwangalifu na neno lenye sura mbili: ukizuia "kazi" umemzuia pia aliyeandika "mashine ya kufua haifanyi kazi", ambaye ndiye mteja wako hasa. Hapo zuia kirai kizima, kama "nafasi za kazi" au "natafuta kazi", uliache neno lenyewe. Katika Kiswahili mitego ya namna hii ni mingi, kwa hiyo soma kila neno mara mbili.

Gawa maneno katika vikundi vidogo vya matangazo, kila kikundi na shida moja. Mashine isiyotoa maji kivyake, mashine isiyowaka kivyake. Hivyo tangazo litaweza kumjibu mtu kwa maneno yake.

Hatua ya 5: Andika tangazo

Tangazo la utafutaji kwenye Google hupokea hadi vichwa 15, kila kimoja kisizidi herufi 30, na maelezo hadi manne ya herufi 90. Nafasi kati ya maneno huhesabiwa. Mfumo huchanganya na kuonyesha hadi vichwa vitatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila kichwa lazima kiweze kusimama chenyewe.

Lugha yetu ina maneno marefu, na 30 huisha upesi. "Tunatengeneza mashine za kufulia" ni herufi 32; haliingii. "Fundi Mashine ya Kufulia Leo" ni 28, na linasema zaidi. Acha vitenzi virefu, tumia nomino.

Sema kitu kinachoweza kuthibitishwa: unafika siku gani, dhamana ni ya muda gani, unatengeneza aina zipi. "Huduma bora" kila mtu anaiandika. Na litumie tangazo kuchuja. Ikiwa hutengenezi mashine za viwandani, andika "Mashine za Nyumbani Tu". Watakaobofya watapungua kidogo, na hao waliopungua usingewauzia. Ikiwa kuna malipo ya ukaguzi, yataje papo hapo, asiyeyakubali asibofye.

Ongeza namba ya simu, viungo vya kurasa nyingine na eneo lako. Havikugharimu ziada kuviweka, na vinaliongezea tangazo nafasi kwenye skrini.

Hatua ya 6: Tayarisha ukurasa anaofikia

Usimpeleke kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Aliyebofya "Mashine Haitoi Maji?" akute maneno hayohayo juu ya ukurasa, namba ya simu inayobofyeka bila kusogeza skrini, na fomu yenye vitu vitatu: jina, simu, shida. Kila swali la ziada kwenye fomu linamfukuza mtu uliyekwisha kumlipia.

Fungua ukurasa kwenye simu ya kawaida, kwa mtandao wa kawaida. Zana ya bure ya Google iitwayo PageSpeed Insights itakuonyesha kinachouchelewesha. Mara nyingi ni picha kubwa kupita kiasi. Na kama hakuna wa kupokea simu usiku, panga matangazo yaonekane saa za kazi tu.

Hatua ya 7: Bajeti na dau

Unaweka bajeti ya siku, lakini usishangae siku moja ikitumia hadi mara mbili yake. Google hufidia siku nyingine, na kwa mwezi haizidi bajeti ya siku mara 30.4. Panga kwa mwezi, kisha gawanya kwa namba hiyo.

Mwanzoni chagua mkakati wa kupata mibofyo mingi, ukiweka kikomo cha dau. Kikomo ni ile 60 ya hatua ya kwanza. Mikakati ya kisasa inayolenga wateja ni mizuri, lakini hujifunza kutokana na matendo uliyoyapima. Bila matendo, inabahatisha kwa fedha zako. Hamia huko wateja wanapokuja kila wiki kwa idadi inayoeleweka.

Hatua ya 8: Wiki za kwanza

Kila baada ya siku mbili au tatu, fungua ripoti ya maneno ambayo watu waliyaandika kwa kweli. Si maneno uliyochagua wewe. Ni yale yaliyoliamsha tangazo. Ripoti haionyeshi yote, kwani yaliyotafutwa na watu wachache hufichwa, lakini yanayoonekana yanatosha. Kila lisilokuhusu, lizuie. Kila zuri usilokuwa nalo, liongeze. Mwezi wa kwanza kazi ya maana ni hii, mengine yanaweza kusubiri.

Usihukumu mapema. Tuseme neno limeleta mibofyo 50 bila mteja hata mmoja. Ikiwa kiwango chako halisi ni wateja 4 kwa 100, jambo hilo litatokea kwa bahati tu karibu mara 1 katika 8. Si ajabu kabisa. Ikifika mibofyo 100 bila mteja, uwezekano wa kuwa ni bahati haufiki mara 2 katika 100. Hapo simamisha neno bila huruma. Na usibadilishe dau, tangazo na ukurasa siku moja, maana hutajua kilichosaidia.

Utaogopa kwamba washindani wanabofya matangazo yako ili kukumaliza. Google huchuja mibofyo isiyo halali na kurudisha fedha kwa inayogunduliwa baadaye. Kuna safu ya kuiona kwenye ripoti. Unaweza pia kuzuia hadi anwani 500 za IP (namba zinazotambulisha muunganisho wa intaneti) kwa kampeni. Lakini kabla ya kumshuku jirani, rudi kwenye ripoti ya maneno. Karibu kila mara jibu liko huko.

Mitandao mingine

Microsoft Advertising hufikia wanaotafuta kupitia Bing, na inaweza kuingiza kampeni zako za Google kama zilivyo. Baada ya kuziingiza, kagua upya maeneo na madau.

Facebook na Instagram ni habari tofauti. Pale hakuna anayetafuta; unamkatiza mtu akiangalia picha za ndugu zake. Malipo mara nyingi huhesabiwa kwa kuonekana, ingawa unaweza kuchagua mbofyo katika baadhi ya malengo. Inafaa kwa bidhaa inayoonekana na kutamanika. Kwa fundi wa dharura, ningeiacha ya mwisho.

Hatua ya 9: Kuongeza bajeti

Ukishapata maneno yanayoleta wateja chini ya kikomo chako, utataka kumimina fedha. Ongeza kidogo kidogo, na usiangalie wastani. Tuseme ulitumia 10,000 ukapata wateja 10, yaani 1,000 kila mmoja. Ukaongeza hadi 20,000, ukapata 13. Wastani ni kama 1,540, bado uko mbali chini ya faida yako ya 3,000, na ripoti inaonekana nzuri. Lakini wateja watatu wa ziada wamegharimu 10,000, zaidi ya 3,300 kila mmoja. Hao umewanunua kwa hasara. Rudisha bajeti karibu na ilipokuwa, na ile 10,000 ipeleke kwenye ukurasa na kwa mtu wa kupokea simu.